Ruzuku bila daftari hupotea bila habari

Kila mwaka ifikapo Novemba, mawingu ya kwanza yanapoanza kujikusanya juu ya uwanda wa Ufipa, mazungumzo ya Namanyere hubadilika. Sokoni, stendi na kwenye baraza za maduka ya pembejeo swali huwa moja: mbolea imefika?

Ni swali la haki, kwa sababu mvua haimsubiri mtu. Mkulima wa Chala, Kate au Sintali aliyechelewa kupanda kwa wiki mbili anaijua hasara yake kabla hata ya palizi.

Lakini lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi baada ya msimu kwisha. Mbolea ya ruzuku ikishafika, inakwenda katika shamba la nani?

Hatuulizi ili tumtafute mchawi. Tunauliza kwa sababu fedha za ruzuku ni za umma. Anazilipa mwenye duka wa Namanyere katika kodi yake, mvuvi wa Kirando anaponunua mafuta ya mashine ya boti, na bibi wa Wampembe anaponunua mche wa sabuni. Fedha ya wote inapompunguzia mtu bei, wote wana haki ya kujua aliyepunguziwa ni nani na amepunguziwa kiasi gani.

Kwa wilaya ya Nkasi, ambayo Namanyere ndiyo makao makuu yake, jambo hili si dogo. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, pamoja na Ruvuma, Iringa na Mbeya. Sifa hiyo haikuja kwa rutuba ya ardhi peke yake.

Wazee wa Kifipa walikuwa na utaalamu wao wa kurutubisha ardhi. Walilima ntumba, vile vichuguu vya udongo vinavyofukia majani ili yaoze kabla ya kupanda. Ni kilimo cha akili, lakini kinataka mikono mingi na muda wa kulipumzisha shamba. Mkulima anayepanda mahindi mahali pale pale kila mwaka, tena kwa ajili ya kuuza, hawezi kukwepa mbolea ya dukani.

Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, na mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Hapo ndipo mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ilipogeuka kuwa ghala la Taifa.

Mageuzi ya uchumi yalipokuja, mambo hayo yaliondolewa moja baada ya jingine. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpaka ikaisha kabisa katikati ya muongo huo. Wengi wa wakulima wadogo wakarudi kulima bila mbolea, au kunyunyiza kidogo pale walipopata.

Mwaka 2003/04 ruzuku ilirudi, safari hii kwa njia ya kulipia usafirishaji wa mbolea kwenda mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba fedha zilipitia kwa wasambazaji, na mkulima wa kijijini hakuwa na namna ya kuhakiki kama nafuu ile imemfikia au imebaki njiani.

Ndipo mwaka 2008 ukaja mpango wa Taifa wa vocha za pembejeo, ulioungwa mkono mwaka uliofuata na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 160. Ulilenga kaya milioni 2.5 nchini, na Rukwa ilikuwamo.

Kwenye karatasi, mpango ule ulikuwa mzuri. Kaya ilipewa vocha tatu kwa ajili ya ekari moja ya mahindi au mpunga: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia na moja ya mbegu bora. Vocha ililipa nusu ya bei, na mkulima akaongeza nusu iliyobaki. Baada ya misimu mitatu alitarajiwa kusimama kwa miguu yake.

Kuchagua wanaostahili ilikuwa kazi ya kijiji chenyewe. Mkutano mkuu ulichagua kamati ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu. Wanaolima si zaidi ya hekta moja ya zao hilo ndio waliolengwa. Kaya zinazoongozwa na wanawake, na zile ambazo hazikuwa zimetumia mbolea kwa miaka ya karibuni, zilitakiwa kutangulizwa.

Sasa tutazame kilichotokea. Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walifuatilia mgawo wa vocha katika mkoa wa Kilimanjaro na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Walikuta kwamba viongozi wa kuchaguliwa wa vijiji walipata takriban asilimia 60 ya vocha zote zilizogawiwa katika vijiji walivyochunguza.

Wakaongeza jambo linalotuhusu zaidi sisi wa huku. Hali hiyo iliharibu zaidi mgawo katika vijiji vya mbali na vile vyenye tofauti kubwa kati ya walio nacho na wasio nacho. Hatusemi kwamba takwimu ya Kilimanjaro ndiyo ya Nkasi. Tunasema kwamba kama jambo hili lilitokea kwenye mkoa wenye barabara, magazeti na shule nyingi, vijiji vya Ufipa na vya mwambao wa Ziwa Tanganyika havina sababu ya kujiona salama.

Ni rahisi kumaliza mjadala kwa kusema viongozi ni wezi. Wapo wasio waaminifu, na sheria iwashughulikie. Lakini kama mchumi wa kilimo naona sababu kubwa zaidi ilikuwa ndani ya mpango wenyewe, nayo ni ile nusu ya bei ambayo mkulima alitakiwa kuileta.

Tumchukue mama mmoja wa mfano, mjane mwenye ekari moja na nusu. Mahindi yake aliyauza Julai, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, ili alipe madeni na mahitaji ya watoto. Novemba inamkuta hana fedha. Ili ale, anakwenda kufanya kibarua katika shamba la jirani, katika siku zile zile alizotakiwa kuandaa shamba lake.

Mama huyu akipewa vocha, amepewa haki ya kununua kitu asichoweza kukinunua. Akitokea mtu mwenye fedha, awe jirani au mfanyabiashara, akampa noti mbili tatu na kuichukua vocha, atakubali. Si mjinga, wala hadharau kilimo. Amepiga hesabu na kuona kwamba chakula cha wiki hii kinatangulia mbolea ya msimu.

Kamati nayo ilipiga hesabu yake. Ikimwandika asiye na nusu ya bei, vocha italala na kijiji kitaonekana hakijui kuzitumia. Ikimwandika mwenye uwezo, vocha zitakwisha na taarifa ya wilayani itapendeza. Kwa hiyo hata kamati isiyo na rushwa ilivutwa kumwandika mwenye nacho. Na katika kijiji, mwenye nacho na mwenye cheo mara nyingi hukaa nyumba moja.

Mfanyabiashara mdogo naye asisahauliwe. Wakala wa pembejeo alichukua bidhaa kwa mkopo, akapokea vocha badala ya fedha, kisha akasubiri zihakikiwe ndipo alipwe benki. Malipo yakichelewa, riba haikusubiri. Baada ya msimu wa 2015/16 mawakala wengi nchini walikaa miaka wakidai fedha zao huku Serikali ikihakiki madai, kwa kuwa ya kweli yalikuwa yamechanganyika na ya kughushi.

Wakala mwaminifu wa kijijini aliumia kwa sababu ya wajanja, maana hakukuwa na daftari la wazi la kuwatenganisha. Waliobaki kwenye biashara ni wenye mtaji mkubwa, nao hukaa mjini. Hivyo mkulima wa mbali akapoteza vitu viwili kwa pamoja, vocha na duka la karibu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Serikali ilijifunza kutokana na makosa hayo. Agosti 8, 2022, katika kilele cha Nane Nane mkoani Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku ya mbolea unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Vita ya Ukraine ilikuwa imepandisha bei duniani kote, na bila hatua hiyo wakulima wengi wangepanda bila kitu.

Mpango huo uliachana na vocha za karatasi na kamati za kuchagua nani apate. Kila mkulima anajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kutaja ukubwa wa shamba lake. Anapata namba, kisha ananunua kwa wakala kwa bei iliyopunguzwa. Katika msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa ukiuzwa zaidi ya Sh131,000 ulishushwa hadi Sh70,000. Urea iliyokuwa zaidi ya Sh124,000 nayo ikawa Sh70,000.

Ni nafuu kubwa, na tunaipongeza. Lakini tuifanyie hesabu, kwa sababu hesabu haina itikadi.

Mkulima wa ekari moja anayetumia mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa urea alilipa Sh140,000 badala ya Sh255,000. Serikali ilimchangia kiasi cha Sh115,000. Mwenye ekari 20 anayetumia kipimo hicho hicho alichangiwa Sh2,300,000. Aliyelima ekari 100 alichangiwa Sh11,500,000.

Hakuna aliyeiba hapo. Kila mmoja amefuata utaratibu. Lakini ruzuku inayotolewa kwa kila mfuko humfuata mwenye mifuko mingi, kama maji yanavyofuata bonde. Na yule asiye na Sh140,000 mwezi Novemba hakuchangiwa hata senti, ingawa jina lake lipo kwenye orodha.

Sh140,000 ni kiasi gani kwa mkulima wa jembe la mkono? Gunia la mahindi likiwa Sh70,000, ni magunia mawili. Likianguka hadi Sh35,000, ni magunia manne. Bei ya mbolea inaweza kubaki pale pale, lakini kwa mkulima imepanda maradufu kwa sababu anainunua kwa mahindi.

Ongeza na umbali. Aliyeko Namanyere mjini anaweza kwenda dukani kwa baiskeli. Wa Wampembe, Ninde au Kala, kule chini mwambaoni, anapanda gari kutwa nzima, analipa nauli ya kwenda na kurudi, analipia mzigo, na pengine analala gesti kwa sababu mtandao umegoma au mzigo umekwisha. Bei iliyoandikwa ukutani ni moja kwa wote, ila mfuko unapofika shambani kwake umekwishakuwa na bei nyingine.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Majirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesha, wana mpango wao wa ruzuku ya pembejeo wa miaka mingi, unaomtaka mkulima awe mwanachama wa ushirika na atoe mchango wake. Watafiti wa huko nao walikuta kwamba kaya zenye ardhi kubwa zilipata mbolea ya ruzuku zaidi kuliko zenye ardhi ndogo. Sheria zinatofautiana, lakini mwelekeo ni ule ule.

Wapo watakaosema kwamba mkulima mkubwa ndiye anayelisha Taifa, kwa hiyo si vibaya akipata zaidi. Hoja hiyo ina uzito na tusiipuuze. Nchi inahitaji mahindi mengi, na yule mwenye maksai au trekta anaajiri vibarua wengi.

Lakini tujiulize: bila ruzuku, mkulima wa ekari 100 angeacha kutumia mbolea? Kwa kawaida angeinunua hivyo hivyo, labda kidogo kidogo, kwa sababu anajua faida yake na ana mahali pa kukopa. Mahindi yanayotokana na mfuko ambao angeununua hata hivyo si mahindi mapya. Mahindi mapya yanatoka kwa yule ambaye bila msaada asingeweka mbolea kabisa. Kwa hiyo kumfikia mdogo si huruma tu, ndiko kuongeza chakula kwa shilingi ile ile.

Nini kifanyike? Tunapendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, daftari liwe wazi. Kila msimu unapokwisha, orodha ya walionunua mbolea ya ruzuku, ukubwa wa shamba walioandikisha na idadi ya mifuko waliyochukua ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na isomwe katika mkutano mkuu. Taarifa hizo zimo tayari kwenye mfumo. Tatizo ni kwamba anayeziona yuko mbali, na mwenye kujua ukweli, yaani jirani, hazioni.

Hapana mkaguzi anayemshinda jirani. Afisa wa wilaya hawezi kujua kwamba fulani aliyeandikisha ekari 30 analima nne tu. Kitongoji kizima kinajua. Na wanaoogopa kwamba kutaja majina kutaleta chuki wakumbuke kuwa daftari la wapiga kura nalo hubandikwa ukutani, na kazi yake ni hiyo hiyo, kumwezesha mwananchi kuhakiki.

Pili, kiwekwe kikomo. Ruzuku kamili itolewe kwa ekari chache za kwanza za kila kaya, kisha ipungue kadiri ekari zinavyoongezeka. Mkulima mkubwa hatazuiwa kununua, ila hatachangiwa sawasawa kwa mfuko wa kwanza na wa mia mbili.

Tatu, mbolea iuzwe wakati mkulima ana fedha. Ufipa fedha zipo Julai na Agosti, mahindi yanapouzwa, na zimekwisha ifikapo Novemba. Mbolea ikiwahi vijijini wakati wa mavuno, mkulima ataweza kubadili magunia yake mawili kuwa mifuko kabla hayajapita njia nyingine. Ikiwekwa juu ya mbao mahali pakavu, inasubiri mvua bila wasiwasi. Asiyeweza kwa mkupuo aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kupitia ushirika wake, kwa stakabadhi.

Nne, vipimo vidogo visikosekane dukani. Mwenye robo tatu ya ekari hahitaji kilo 50. Mfuko wa kilo 25, au wa 10, unamwezesha kuanza bila kutafuta mwenza wa kugawana naye mfuko, na unamwondoa kwenye mikono ya wauza mbolea ya kupima kwa bakuli, ambayo hakuna ajuaye imechanganywa na nini.

Tano, wakala wa kijijini alindwe. Alipwe kwa wakati, na anayepeleka mzigo mwambaoni au vijiji vya ndani aongezewe gharama ya usafiri. Mwenye duka dogo hawezi kuikopesha Serikali. Tukimlazimisha afanye hivyo atafunga duka, na mkulima wa Kala atabaki na namba ya simu isiyo na mahali pa kutumika.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kusubiri waziri wala bajeti. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao, mkulima yeyote anaweza kunyanyua mkono na kuuliza: msimu uliopita kijiji chetu kilichukua mifuko mingapi ya ruzuku, na ilichukuliwa na nani?

Mwenyekiti na mtendaji wenye nia safi hawatakosa jibu, na kulitoa hadharani kutawaondolea lawama wasizostahili. Jibu likikosekana, kijiji kitakuwa kimejua mahali pa kuanzia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbolea nayo ni mali, na iliyonunuliwa kwa fedha ya mjane wa ekari moja na nusu haina budi kuonyeshwa ilipokwenda. Mvua za Novemba zitakuja kama kawaida. Zikija, mjane huyo awe na mfuko wake ndani, si namba tu kwenye simu.